Hitilafu inayokuja na kuondoka: andika na mara ambazo haikutokea

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Mimi na mdogo wangu wa kiume tunarekodi mauzo kwenye programu ya simu, kila mtu na simu yake, akaunti moja. Tunarekodi kama mara 60 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni miezi mitatu sasa mauzo mengine yanajiandika mara mbili. Wiki nyingine hutokea mara tano, nyingine mara moja, na kuna wiki haitokei kabisa. Nikikadiria ni kama mara tatu kwa wiki, na zaidi ni jioni. Hesabu ya stoo imevurugika na nimefika hatua ya kumshuku mdogo wangu. Wenye programu nimewaandikia mara mbili. Wanajibu kwamba wamejaribu na huko inafanya kazi vizuri, nifute programu niisakinishe upya. Nifanyeje waniamini?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Nianze na mdogo wako, maana hilo ndilo lililoniuma. Katika kazi hii ya kupima programu nimeliona mara nyingi: programu inakosea, anayelaumiwa ni mtu aliyeshika simu. Mwambie leo kwamba unatafuta kosa lililo ndani ya programu na unamhitaji akusaidie. Utamhitaji kweli, kama utakavyoona hapo chini.

Umeuliza ufanyeje wakuamini. Mimi ningeuliza ufanyeje walione kosa kwa macho yao, kwa sababu wanaweza kukuamini kabisa na bado wasirekebishe chochote. Fundi wa programu hawezi kutengeneza kitu ambacho mbele yake kinafanya kazi, sawa na gari linalopiga kelele njia nzima halafu likifika gereji linanyamaza. Tazama hesabu zako mwenyewe. Mauzo 60 kwa siku sita ni 360 kwa wiki. Matatu yakijirudia, hiyo ni moja kati ya 120. Mfanyakazi wao akikaa mezani akarekodi mauzo ya majaribio mara 20, uwezekano wa kutoliona kosa hata mara moja ni kama asilimia 85. Hakukudanganya. Tena mezani kwake mtandao hauyumbi, simu ni mpya, na hakuna fundi mwashi anayemharakisha apewe misumari yake aondoke. Huenda kwake hata hiyo moja kati ya 120 haipatikani.

Kwa hiyo kazi yako ni kuipandisha ile moja kati ya 120. Utafute mazingira ambamo kosa linatoka mara tano au sita kati ya kumi, kisha uwape mazingira hayo yakiwa yameandikwa. Yapo. Hitilafu ya namna hii huonekana kama bahati mbaya, lakini ina masharti yake. Yakikutana yote kwa pamoja inatoka, likikosekana moja inatulia. Anayeishi na masharti hayo kila siku ni wewe na mdogo wako. Wao hawajawahi kusimama dukani kwenu.

Sasa hilo neno lako "zaidi ni jioni". Usilitupe, ila usilishike mapema. Ikiwa nusu ya mauzo yako hufanyika jioni, basi nusu ya makosa yangeangukia jioni hata kama jioni haina uhusiano wowote na tatizo. Ili jioni iwe na maana, lazima ujue mauzo mangapi ya jioni yalikwenda salama, na ya asubuhi vilevile. Watumiaji karibu wote wanaoniletea malalamiko huwa wameandika mara mbaya peke yake. Wana orodha ya makosa 15, na orodha hiyo haisemi kitu, kwa kuwa hakuna cha kuilinganisha nacho. Muuguzi wodini anapojaza kadi ya homa haandiki zile saa ambazo mgonjwa anachemka tu. Anapima na kuandika hata mgonjwa akiwa na nafuu, na ni kwa kuziona saa hizo za nafuu ndipo daktari anapojua homa inapanda lini na kushuka lini.

Huwezi kuandika maelezo ya mauzo yote 60 kila siku, utachoka siku ya pili. Fanya hivi. Kila mkikuta rekodi iliyojirudia, andika habari zake, kisha andika habari zilezile za mauzo mawili yaliyoitangulia na mawili yaliyoifuata. Mabaya moja, mazuri manne. Daftari la kawaida la mistari linatosha. Andika nani alirekodi na kwa simu ipi, alikuwa amesimama wapi, simu ilikuwa kwenye waifai au kwenye bando, na kama ni bando ni la laini ipi. Andika kama umeme ulikuwepo au ulikatika, maana umeme ukikatika kifaa cha waifai nacho huzimika na simu huhamia kwenye bando bila kukuuliza. Andika chaji ilikuwa asilimia ngapi, kwa kuwa simu nyingi zikiishiwa chaji huanza kubana programu. Andika alibonyeza kitufe cha kuhifadhi mara ngapi, na hapa mdogo wako awe huru kusema ukweli bila kuogopa. Na mkague orodha ya mauzo mara mbili kwa siku, mchana na wakati wa kufunga. Mkingoja hadi Jumamosi hakuna atakayekumbuka alikuwa amesimama wapi.

Usiache kuandika jambo kwa sababu linaonekana la kipuuzi. Mwaka 2009 mtumiaji mmoja wa Ubuntu, mfumo huria wa kompyuta, aliripoti kwamba mke wake analalamika kuwa OpenOffice, programu ya kuandikia hati, haichapishi siku za Jumanne. Mke akamwonyesha, na kweli, Jumanne haikuchapisha huku programu nyingine zikichapisha. Chanzo kilipatikana. Faili linalokwenda kwenye printa lilibeba tarehe yake karibu na mwanzo, na siku hiyo tarehe ilianza na herufi Tue, kifupi cha Jumanne kwa Kiingereza. Programu ndogo inayotambua aina za mafaili ilikuwa na kanuni iliyokosewa: ikikuta herufi hizo mahali hapo, inalihesabu faili kuwa la lugha ya kompyuta iitwayo Erlang. Hati ya kawaida ikapewa jina lisilo lake na haikuchapwa. Mama yule hakujua lolote kuhusu aina za mafaili. Alijua siku ambazo printa inamgomea, na siku ambazo haimgomei.

Jambo la saa nataka ulitilie maanani sana, kwa sababu linatuponza sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine. Ukiandika "saa 2 usiku", mimi na wewe tunaelewana. Anayeisoma ripoti yako akiwa nchi nyingine, au akiisoma kupitia tafsiri ya kompyuta, ataelewa 02:00, na kwake hiyo ni saa nane usiku wakati duka lako limefungwa. Nimeshuhudia ripoti nzuri ikifungwa kwa sababu hiyo. Fundi alipekua kumbukumbu za saa ambayo hakuna aliyekuwa macho, hakukuta kitu, akaandika kwamba hakuna tatizo. Nakili saa kama simu inavyoionyesha, 20:14, na useme ni saa za Afrika Mashariki. Seva nyingi, yaani zile kompyuta za wenye programu zinazopokea rekodi zako, huweka kumbukumbu kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo 20:14 yako wao wataitafuta kwenye 17:14.

Kama programu inaonyesha na sekunde, nakili sekunde za rekodi zote mbili, ile ya kwanza na pacha wake. Tofauti kati yao inasema mengi. Zikiwa zimeachana sekunde moja au chini ya hapo, kuna dalili ya kidole kubonyeza mara mbili na programu kukubali yote mawili. Hilo nalo ni kosa la programu, maana kitufe kilipaswa kufungwa baada ya mbonyezo wa kwanza. Zikiachana sekunde 30 au 60, na tofauti hiyo ikawa ileile kila mara, hakuna kidole cha mtu chenye mpangilio wa namna hiyo. Hapo kuna mashine inayongoja muda uliowekwa kisha inatuma tena.

Nikueleze kwa nini ingetuma tena. Unapobonyeza kuhifadhi, simu inatuma ujumbe kwa seva. Seva inaandika mauzo, halafu inajibu kwamba imepokea. Jibu hilo linaweza kupotea njiani. Simu isipolipata inadhani ujumbe haukufika, inatuma upya, na seva isiyokuwa na njia ya kutambua kwamba ni ujumbe uleule inaandika mara ya pili. Dawa yake mafundi wanaijua: kila mauzo yapewe namba yake ya pekee ndani ya simu kabla hayajatumwa, ili seva ikiiona namba hiyo tena iseme tayari ninayo. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililokupata. Ila makosa ya "mara mbili" huwa hapo mara nyingi sana, na duka la vifaa vya ujenzi ni mahali pazuri pa kulizalisha. Una stoo ya mabati na nondo? Chuma huzuia mawimbi ya simu. Mtu akibonyeza kuhifadhi huku anaingia stoo, waifai inamwacha mlangoni, simu inahamia kwenye bando, na mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea kati yake na seva yanakatika katikati. Ndiyo maana nimekwambia mwandike mahali mtu aliposimama.

Daftari likishakuwa na makosa sita au saba pamoja na majirani zake, yale mauzo mazuri manne ya kila kosa, kaeni wawili mlisome. Msitafute kilichopo kwenye makosa yote. Tafuteni kilichopo kwenye makosa na kisichopo kwa majirani. Kama makosa yote yalirekodiwa kwa simu ya mdogo wako, na majirani nao karibu wote ni kwa simu yake, simu haijashitakiwa bado.

Kisha jaribuni wenyewe, siku tulivu. Waombe kwanza wenye programu wakupe akaunti ya majaribio. Wakikataa, tengeneza bidhaa iitwayo JARIBIO yenye bei ya shilingi moja, na uyafute mauzo yake baadaye. Ila kama programu imeunganishwa na EFD, ile mashine ya risiti za kodi, usifanye hivyo hata kidogo, kwa sababu kila risiti inayotoka huhesabika TRA, mamlaka ya mapato. Rekodi mara kumi umekaa karibu na kifaa cha waifai. Rekodi mara kumi kwa bando, umesimama palepale. Halafu mara kumi ukibonyeza kuhifadhi na papo hapo kuwasha Hali ya ndegeni, uhesabu hadi sitini, uizime, uone orodha. Halafu mara kumi ukitembea kuingia stoo. Kila awamu badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha simu na mtandao kwa pamoja, kosa likitoka hutajua umshike nani. Andika na awamu zilizotoka sifuri kati ya kumi, hizo ni mali.

Na msipunguze mwendo. Kuna kisa ambacho ningetaka kila anayepokea ripoti za watumiaji akijue. Machi 1986, katika kituo cha saratani cha East Texas mjini Tyler, Marekani, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 ilimpiga mgonjwa mionzi mingi kupita kiasi, huku skrini ikionyesha namba ya kosa tu, 54. Wahandisi wa AECL, kampuni ya Kanada iliyoitengeneza, walijaribu kulirudia wakashindwa. Mashine ikarejeshwa kazini, na wiki tatu baada ya ajali ya kwanza mgonjwa mwingine akapigwa vilevile. Safari hii mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, alikaa na opereta wa mashine wakarudia hatua zake moja moja hadi ile 54 ikatokea mbele yao. Opereta alikuwa ameizoea kazi. Alikuwa ameandika herufi ya eksirei, akaona amekosea, akarudi juu akaweka ya elektroni, aina nyingine ya mionzi, na yote hayo yalikwisha ndani ya sekunde nane, sumaku za mashine zikiwa bado zinajipanga. Hager mwenyewe ilibidi afanye mazoezi ya kuandika haraka ndipo aweze kulitoa kosa anapotaka. Mhandisi wa kampuni naye hakuliona mpaka alipoambiwa kwamba kasi ni sehemu ya maelekezo. Wagonjwa wote wawili wa Tyler walifariki. Kosa lililowaua lilikuwa linawakimbia watu wenye mikono ya taratibu.

Duka lako halina mionzi, lakini mikono ya mdogo wako saa ya msongamano ina kasi ambayo mpimaji mezani hana. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina kirekodi skrini chake. Mwombe akiwashe kwa nusu saa, wakati wateja wamejaa. Ukibahatika kulinasa kosa kwenye video, umemaliza nusu ya safari.

Ule ushauri wa kufuta na kusakinisha upya, uuweke kando kwanza. Kama kuna mauzo ambayo hayajafika kwenye seva, yatafutika pamoja na programu. Ushahidi uliomo ndani ya simu nao utafutika. Na kwa kosa la moja kati ya 120, kukaa siku mbili bila kuliona baada ya kusakinisha upya hakuthibitishi chochote, ingawa kila mtu atashusha pumzi. Hata kuzima na kuwasha simu, subiri kwanza unakili ulichokiona. Kabla hujasasisha programu, andika namba ya toleo ulilonalo. Mara nyingi iko kwenye ukurasa wa "Kuhusu" ndani ya programu yenyewe.

Ukishapata hali inayolitoa kosa, andika ripoti fupi. Ujumbe wako wa awali, ambao nadhani ulisema programu inarudia mauzo rekebisheni, hauna mahali pa kushika. Jaribu hivi, kwa namba zako halisi:

"Mauzo yanaandikwa mara mbili mtandao ukikatika mara tu baada ya kubonyeza Hifadhi. Hatua: nimefungua Mauzo Mapya, nimechagua bidhaa JARIBIO, idadi 1, nimebonyeza Hifadhi mara moja, nimewasha Hali ya ndegeni papo hapo, nimesubiri dakika moja, nimeizima. Nilitarajia rekodi moja, zimetokea mbili, zimeachana sekunde 60. Imetokea mara 6 kati ya 10. Nikiwa na waifai nzuri bila kukata mtandao: mara 0 kati ya 10. Simu mbili tofauti, matokeo yanafanana. Mfano mmoja: tarehe 14, saa 20:14:05 na 20:15:05, saa za Afrika Mashariki. Toleo la programu na la Android nimeyaandika chini. Dukani hutokea kama mara 3 kwa wiki katika mauzo 360."

Maneno ya kwenye skrini yaandike herufi kwa herufi kama yalivyo, hata yakiwa ya Kiingereza. Usiyatafsiri wala usiseme "ilileta maandishi fulani mekundu", kwa sababu fundi atayatafuta maneno hayohayo ndani ya programu yake. Unachodhani ndicho chanzo kiweke mwisho, useme ni dhana. Ukianza na dhana, watapima dhana yako, na ikiwa si sahihi watafunga ripoti. Tuma kosa moja kwa ujumbe mmoja, na uombe namba ya ripoti ili safari ijayo usianze upya na mtu mwingine. Wakijibu tena kwamba huko haitokei, usigombane nao. Waulize walifanya majaribio mangapi, na kama walikata mtandao katikati. Hayo ni maswali ya haki, na fundi makini atayajibu.

Kabla ya kutuma picha au video yoyote, funika majina na namba za simu za wateja wako. Ni watu waliokuamini, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Neno la siri usimpe yeyote, hata anayesema ni wa huduma kwa wateja na anataka kukusaidia haraka. Wakikuomba ripoti ya hitilafu ya Android nzima, ile inayotolewa na simu yenyewe, ujue inabeba mengi kuhusu simu yako yasiyohusu programu yao. Ipeleke kwa njia yao rasmi, usiitume kwenye kundi la WhatsApp.

Halafu siku moja watakuandikia kwamba wamerekebisha. Usikubali wala kukataa papo hapo. Kwa kiwango chako cha moja kati ya 120, ungehitaji mauzo kama 360 mfululizo bila pacha, wiki nzima ya duka, ndipo uwe na uhakika wa asilimia 95. Na kwa kuwa umesema kuna wiki haitokei kabisa, hata wiki hiyo moja ningeitilia shaka. Lakini wakati huo utakuwa na ile awamu inayolitoa mara sita kati ya kumi. Sasisha programu, andika namba ya toleo jipya, mkae wewe na mdogo wako mrudie hatua zilezile mara kumi, na Hali ya ndegeni yake. Kama kosa lipo, uwezekano wa kulikosa mara zote kumi ni kama moja kati ya 10,000. Kazi hiyo haitawachukua hata nusu saa.